Skrabu, asidi au kitambaa tu? Naomba kueleweshwa kuhusu kutoa ngozi iliyokufa usoni

ua_la_asubuhi:
Habari zenu wadau, naomba msaada maana nimesoma huku na kule nimezidi kuchanganyikiwa. Ngozi yangu paji la uso na pua vina mafuta kweli kweli ila mashavu yanakauka, halafu nina vidoti vyeusi puani na madoa yaliyobaki baada ya chunusi kupona. Kila mtu ananiambia nitoe ngozi iliyokufa lakini kila mtu na njia yake, mmoja anasema skrabu ndo mpango mzima, mwingine anasema skrabu ni kujiumiza tumia asidi, mwingine eti nilowanishe kitambaa na maji ya vuguvugu nijipanguse basi. Halafu kuna zile jeli ukipaka ukasugua unaona taka zinatoka vipande vipande, hizo ndo zimenivutia maana unaona kabisa kazi inafanyika. Anayejua tofauti zake anisaidie, ipi inamfaa nani? Na hilo neno asidi usoni jamani mbona linatisha 😅

chembechembe:
Dada usijisumbue, tafuta skrabu yenye chembe laini, mara moja kwa wiki, unasuuza unaendelea na maisha. Uso unakuwa laini hapohapo. Asidi unakaa unasubiri wiki na wiki, hayo ni mambo ya watu wenye muda.

nuru_ya_ngozi:
Mkuu hapo juu hajakosea sana ila karuka nusu ya swali, dada kasema ana madoa ya chunusi.

Iko hivi. Ngozi ya juu inajibadilisha yenyewe, kwa kijana ni kama siku 28 hivi, seli mpya zinazaliwa chini zinapanda juu zinakufa zinapukutika, na umri ukisogea kazi hiyo inapungua kasi. Njia zote ulizotaja zinasaidia huko kupukutika tu. Skrabu, brashi na kitambaa zinatumia msuguano, kwa hiyo nguvu ni ya mkono wako, na mkono wa mtu anayewahi kazini asubuhi haupimi kitu. Asidi haikwangui, inalegeza kile kinachozishikanisha seli zilizokufa mpaka zinaachia zenyewe, ndo maana uso hautoki laini siku ileile ila ukiwa mvumilivu unaona tofauti iliyo sawa uso mzima.

Sasa wewe mwenye madoa, hasa kama ngozi yako ni nyeusi, ogopa msuguano kuliko asidi ya kiasi. Ngozi yetu ikikwaruzwa au ikivimba inajibu kwa kutoa rangi zaidi, unasugua doa moja unapata mawili. Na kama una chunusi mbichi zenye usaha skrabu usiisogeze kabisa, hasa zile za maganda ya kokwa yaliyosagwa, shika kidogo katikati ya vidole uzungushe utasikia ncha zake.

Pua na paji la uso tumia asidi ya salisiliki (ndo wanayoiita BHA), inayeyuka kwenye mafuta kwa hiyo inaingia mpaka ndani ya vitundu vya ngozi, za kununua bila daktari huwa asilimia 0.5 hadi 2. Ila kama una mzio wa aspirini iache, ni ndugu. Mashavu makavu unaweza kutumia asidi ya laktiki ambayo ni AHA (kundi la asidi zinazoyeyuka kwenye maji), yenyewe inavuta na unyevu kidogo. Ya glaikoliki nayo ni AHA ila molekuli zake ni ndogo kuliko za wenzake, inaingia haraka na inawasha zaidi, kwa anayeanza mi siipendekezi. Ukitaka ya polepole ipo ya mandeliki. Vile vidoti vya puani vingi wala si uchafu, ni mafuta na seli zilizojaa kwenye kitundu zikakutana na hewa, hata ukivikamua vyote leo vitarudi, salisiliki inavipunguza tu.

Halafu hizo jeli za vipande vipande! Chukua jeli hiyohiyo paka kwenye kioo safi usugue kwa kidole, utaona taka zilezile zinatoka na kioo hakina ngozi. Sehemu kubwa ni jeli yenyewe inajiviringa. Haina madhara makubwa lakini usilipie maajabu.

kaka_wembe:
Niongezee kwa upande wa wanaume maana sisi tunasahaulika. Ukinyoa ndevu tayari wembe umeondoa ngozi ya juu, kwa hiyo siku ya kunyoa skrabu na asidi pumzisha. Ila siku zisizo za kunyoa asidi ya glaikoliki inasaidia wenye vipele vya ndevu, zile nywele zinazojikunja zikarudi ndani ya ngozi zinapata njia ya kutokea. Na akina dada mnaojinyoa uso kwa kile kiwembe kidogo msitishwe, nywele hazirudi nene, zinahisi hivyo kwa sababu ncha imekatwa butu. Kama kuna chunusi mbichi tu ndo usipitishe.

ua_la_asubuhi:
Asanteni sana jamani. Vipi ndimu na sukari? Si asidi ya asili hiyo, na skrabu humohumo, mbili kwa moja.

nuru_ya_ngozi:
Hapana dada, hapo nakukatalia. Ngozi ina pH (kipimo cha ukali wa asidi, namba ikishuka ukali unapanda) kama 5, juisi ya ndimu ni kama 2, na hujui umepaka nguvu kiasi gani. Kibaya zaidi juisi ya ndimu ikikaa kwenye ngozi halafu ukatoka juani inaweza kukuunguza ukapata malengelenge na baadaye mabaka meusi ya kukaa miezi. Sukari iache kwa magoti na visigino.

Na ukitumia AHA yoyote sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, si hiari, SPF (kiwango cha kinga kilichoandikwa kwenye kopo) 30 kwenda juu, ngozi inakuwa nyepesi kuungua na jua na hali hiyo inaendelea kama wiki nzima hata ukiacha kupaka.

pole_pole:
Mi nakitetea kitambaa kidogo. Kwa mwenye ngozi ya kuwasha washa kitambaa laini cha pamba kilicholowa, bila kukandamiza, kinatosha kabisa, mradi kifuliwe kila kikitumika. Na kama anataka asidi zipo za kundi la PHA, ndugu wapole wa AHA, kama glukonolaktoni, molekuli zake kubwa haziingii kwa kasi.

Jambo watu hawaambiwi ni dalili za kuzidisha. Uso unang'aa kama umepakwa vanishi lakini unavuta, halafu moisturaiza uliyoizoea siku zote ghafla inachoma, hata maji matupu yanachoma. Hapo acha kila kitu, baki na sabuni laini, moisturaiza na sanskrini mpaka itulie, na inaweza kuchukua wiki kadhaa. Wengi wakifika hapo wanadhani hawajatoa ngozi ya kutosha, wanaongeza.

chembechembe:
Ile ya kioo nimejaribu sasa hivi 😂😂 kweli bana zinatoka. Skrabu yangu siachi lakini, ngozi yangu ngumu haina chunusi.

nuru_ya_ngozi:
Kama haina chunusi wala haikuwashi sina ugomvi na wewe mkuu, shusha mkono tu.

ua_la_asubuhi:
Swali la mwisho nisiwachoshe, usiku natumia krimu ya retinoli (ile ya vitamini A). Naweka asidi kabla au baada?

nuru_ya_ngozi:
Usiku tofauti. Anza na salisiliki usiku mmoja kwa wiki, usiku huo retinoli ipumzike, ukiona ngozi haijalalamika baada ya wiki tatu nne ongeza uwe miwili. Laktiki usiianze sasa, subiri kwanza hiyo moja izoeleke, maana ukianza zote pamoja uso ukiwasha hutajua mkosaji nani. Na kama una mimba au unatumia vidonge vya chunusi vya daktari sema mapema, ushauri unabadilika, na retinoli yenyewe mjamzito haimfai.