Wiki ya wazee wawili wastaafu Sengerema msimu wa vuli: ipangweje?

NgoshaMdogo:
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Wazazi wangu wote wamestaafu, baba ana miaka 62 na mama 60. Mwanzoni mwa Oktoba wanahamia nyumbani kwao Sengerema mjini. Paa la bati ni kama mita za mraba 80, uwanja ni robo eka hivi: mbele udongo wa luseni (kichanga), nyuma unaingia kwenye mbuga nyeusi (udongo mzito wa mfinyanzi). Bomba lipo ila maji ni ya mgao. Baba ana presha na anakunywa dawa kila siku, mama magoti ndiyo yanamsumbua. Wanataka kuku, bustani na viazi kidogo, na baba anasema dagaa atafuata mwenyewe mwaloni, kule mitumbwi inakotia nanga ziwani.

Nimewaandikia ratiba: Jumatatu bustani, Jumanne kufua, Jumatano kuanika dagaa na michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa), Alhamisi gulio, Ijumaa kuku, Jumamosi usafi na kuchota maji, Jumapili ibada. Mnaoijua kanda ya ziwa, hii itasimama au vuli itaivuruga? Na tanki la maji ninunue la lita ngapi?

MamaNgogwe:
Marahaba mwanangu. Hiyo ratiba ni ya mtu anayekaa ofisini. Mvua ya Jumanne haijui kwamba Jumanne ni ya kufua. Weka mambo matatu tu yawe na siku yake: dawa za baba, gulio na ibada. Mengine yote yafuate anga. Asubuhi ikitoka na jua, hapo ndipo pa kufua, kuanika na kubadilisha matandiko ya banda la kuku, siku yoyote iwayo. Siku moja au mbili baada ya mvua, udongo ukiwa umenyonya lakini haushiki jembe, ndipo pa kupanda, kupunguza miche na kung'oa magugu. Mvua ikiwa inanyesha kuna kuchambua dagaa, kuchagua mbegu, kupukuchua. Ukiwalazimisha kulima Jumatatu kwenye mbuga iliyoloa, udongo utashindiliwa na miguu, ukikauka unakuwa matofali na mizizi haipenyi tena.

Bustani iwe mbele kwenye luseni. Matuta yawe na upana wa mita 1, yasizidi hapo, ili mama afikie katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga. Njia katikati ziwe sentimita 50 hadi 60, aweze kuweka kigoda akakaa. Hayo magoti usiyachukulie kirahisi. Vuli inataka tuta lililoinuka sentimita 20 hivi. Vile vitalu vya kuzamisha vya kiangazi, ambavyo watu wengi wanavikuta uwanjani na kuviacha vilivyo, vinageuka madimbwi na miche inaoza shingoni.

Samadi iliyooza vizuri, ndoo moja ya lita 20 kwa mita 2 za mraba. Luseni haishiki chakula, mvua kubwa inakisukuma chini, kwa hiyo ni afadhali kuongeza kidogo kidogo kila mnapopanda upya kuliko kumwaga yote Oktoba. Mchicha tuta la mita 3 linawatosha wawili, lakini wasisie lote siku moja. Nusu sasa, nusu baada ya wiki mbili, maana ndani ya wiki 3 hadi 4 unatakiwa kung'olewa, ukizidi hapo unakomaa na kutoa maua. Mbegu zichanganywe na mchanga mkavu ndipo zisambae sawa. Sukuma wiki mashina 12, nafasi ya sentimita 50, ngogwe (nyanya chungu) mashina 4 au 5. Zaidi ya hapo watakuwa wanagawa majirani, si vibaya, lakini atakayemwagilia na kupalilia ni mama.

Viazi ndiyo kazi ya nyuma kwenye mbuga, kwa sharti la matuta marefu na ya juu. Marando (vipande vya mashina ya viazi vya kupandia) ya sentimita 30, theluthi mbili zifukiwe, mita 1 kati ya tuta na tuta na sentimita 30 kati ya mche na mche. Wakipanda mvua ikishatulia, watachimba baada ya miezi 4 au 5, na matembele watachuma muda wote huo, ila kwa kiasi.

Sasa hiyo Jumatano yako ya michembe, ifute. Michembe inataka jua kali la siku mfululizo, ni kazi ya Juni hadi Agosti. Ukikata viazi ukavianika Novemba, vinaota ukungu kabla havijakauka, na ukungu ukiingia hakuna kuosha wala kuanika upya, ni kutupa. Vuli ni wakati wa kula michembe: wanunue gulioni iliyo mikavu, ukiivunja inakatika kwa mlio, wailoweke, waipike na karanga za kutwanga.

FundiBati:
Nijibu la tanki. Hesabu ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati zuri unapata kama asilimia 85, kinachobaki kinaruka nje au kulowanisha bati. Paa la mita 80, mvua ya milimita 20, unavuna karibu lita 1,360. Mvua nne za namna hiyo zimejaza tanki la lita 5,000.

Matumizi: wazee wawili kwa lita 20 kila mmoja (kunywa, kupika, kuosha vyombo) ni lita 40, kuku dazeni moja lita 3. Tanki la 5,000 likijaa linakaa zaidi ya siku 100. Kufua na kuoga waachie bomba la mgao. Likijaa mwishoni mwa Mei, hao wawili linawafikisha karibu na mwisho wa Septemba, mradi bustani isipewe hata tone. La lita 2,000 ni rahisi kununua, lakini vuli yote utakuwa unatazama maji yakimwagika. Chukua 5,000.

Makosa yanaanzia chini. Lita 5,000 ni tani 5. Kitako kiwe zege au matofali yaliyojazwa na kusakafiwa, kizidi upana wa tanki angalau sentimita 15 kila upande, na kiwe bapa kabisa. Jiwe moja lililochomoza linapasua plastiki taratibu. Jukwaa la mbao silishauri. Kwenye mbuga ndiyo usiweke kabisa, ule udongo unavimba ukiloa na kupasuka ukikauka, kitako kitainama. Weka upande wa luseni. Urefu wa kitako sentimita 50 hadi 60, ndoo iingie chini ya koki bila mtu kuinama sana.

Gata ziteremke nusu sentimita hadi sentimita 1 kwa kila mita, na vishikizo visipishane zaidi ya sentimita 90. Mafundi wengi wanafunga gata sawa kama rula kwa sababu inapendeza macho. Matokeo yake maji yanatuama katikati, majani yanaoza, mbu wanazaa.

Kabla ya tanki weka bomba la maji ya kwanza. Kuanzia Juni hadi Septemba bati linakusanya vumbi na mavi ya ndege, na yote hayo yanashuka na mvua ya mwanzo. Tupa angalau nusu milimita, yaani kwa paa lako lita 40. Bomba la inchi 4 linabeba kama lita 8 kwa mita, kwa hiyo ni mabomba mawili ya mita 2.5, moja kila upande wa paa, yamesimama wima na kufungwa kifuniko chini. Yakijaa, maji safi yanapita juu kwenda tankini. Mvua kubwa ya kwanza kabisa ya msimu usiikubali hata hivyo, geuza bomba imwagike chini yote.

Bomba la kumwagia ziada liwe na kipenyo sawa na la kuingizia, na mdomo wake uwe na wavu wa mbu. Maji ya kunywa wachemshe au watie kidonge cha klorini kwa kipimo cha kwenye pakiti na kusubiri dakika 30. Bati kuwa safi hakumaanishi maji ni salama.

MzeeWaMwalo:
Habari kijana. Baba yako akitaka dagaa wazuri asitazame siku ya wiki, atazame mwezi. Dagaa wa ziwa wanavuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haiwavuti, mitumbwi inapumzika na bei inapanda. Njia rahisi ni kalenda ya Kiislamu: tarehe 14 na 15 mwezi umejaa. Anunue kuanzia tarehe 27 hadi 8 hivi, akiba ya wiki mbili, basi siku za mwezi hazimgusi.

Vuli ina shida yake. Giza linaweza kuwa zuri, dagaa tele, halafu mvua inapiga siku tatu na hakuna pa kukaushia. Hapo wanashuka bei sana, na wengi wanafurahia bei bila kutazama mzigo. Dagaa mzuri anang'aa kama fedha, ukimkunja anakatika. Akikunjika bila kukatika bado ana maji. Akiwa wa njano au kahawia, tumbo limepasuka na harufu inachoma pua, huyo aliloweshwa akaanikwa mara ya pili. Kisha chota kiganja, tikisa juu ya karatasi nyeupe. Mchanga ukishuka mwingi ujue aliyekuuzia alianika chini, si kwenye chanja, na umenunua mchanga kwa bei ya samaki.

Nyumbani awaanike tena saa chache juu ya wavu ulioinuliwa, tabaka moja. Waachwe wapoe kabisa ndipo waingie kwenye ndoo yenye mfuniko. Ukifunika wakiwa na joto, jasho linabaki ndani na asubuhi ya tatu utaona utando mweupe.

Na mwaloni si mlango wa pili kutoka Sengerema mjini. Nauli ya kwenda na kurudi kwa sado moja inakula faida yote. Ama anunue ya mwezi mzima, ama anunue gulioni kwa vipimo vile vile nilivyosema.

Nesi_wa_Kanda:
Naongeza la presha kwa sababu ratiba yako haikulitaja. Wiki moja kabla ya kliniki, baba apime asubuhi kabla ya dawa na jioni. Akae dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, kitambaa cha kipimo kwenye ngozi tupu. Asinywe chai wala kahawa nusu saa kabla. Apime mara mbili, dakika 1 katikati, aandike zote mbili, asichague iliyompendeza. Kitambaa kikiwa kidogo kwa mkono mnene kinasoma juu kuliko ukweli, mtu anaongezewa dawa bila sababu. Dawa achukue mpya zikiwa zimebaki za siku 10, asisubiri kidonge cha mwisho. Rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza, siku hizi haingoji kivuko, daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, lakini dawa iliyokatika wikiendi haisaidiwi na daraja.

Akifika mwaloni asiingie majini kuosha miguu. Kichocho kinapita kwenye ngozi, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono. Na homa ya vuli wasiitibu kwa kubahatisha, wapime malaria kwanza, mzee akiumwa nimonia anaweza kuwa na joto lile lile.

NgoshaMdogo:
Asanteni sana wakubwa. Ratiba nimeichana. Nimebakiwa na mawili: kuku chanjo lini, na Fundi, yale mabomba ya maji ya kwanza nani atakuwa anayafungua kila mvua ikiisha? Baba atasahau.

MamaNgogwe:
Chanjo ya mdondo (kideri) ya matone, kila miezi mitatu, tone moja kwenye jicho moja, kifaranga na kuku mkubwa kipimo ni kile kile. Wachanje sasa, wakiwa wazima. Kuku akishaanza kuzubaa na kuharisha kijani chanjo haimrudishi. Chupa moja huwa ya kuku wengi kuliko wa kwenu, kwa hiyo wapatane na majirani watatu au wanne siku moja, ikifunguliwa isiwekwe kiporo cha wiki ijayo. Ibebwe kwenye ubaridi, mbali na jua. Matandiko makapi ya mpunga, unene wa sentimita 5 hadi 8, na sehemu iliyolowa itolewe siku hiyo hiyo, maana unyevu ndio unaoleta kuhara damu kwa vifaranga. Waanze na majike 10 na jogoo mmoja. Ng'ombe wa maziwa baba akimtaja, mkatalieni kwa adabu.

FundiBati:
Hafungui mtu. Toboa kifuniko cha chini tundu la milimita 3, bomba litajimwaga lenyewe taratibu mvua ikikatika. Ukitoboa kubwa unapoteza maji mengi wakati bado inanyesha. Tatizo lake ni tope: tundu likiziba bomba linabaki limejaa, na mvua inayofuata uchafu wote unapita juu kwenda tankini. Kifuniko kiwe cha kufungua kwa mkono, kisigundishwe kwa gundi. Asubuhi baada ya mvua agonge bomba kwa kidole. Likilia zito bado lina maji, afungue na kuzibua kwa kijiti cha ufagio.