Tamasha la zabibu Dodoma: mkulima kawekwa nje ya geti, ndani zinauzwa zabibu za Afrika Kusini!

Wakuu habari zenu. Nimekaa siku mbili nikisubiri hasira ipoe, haijapoa, kwahiyo naandika hivyo hivyo.

Jumamosi nimetoka Dar na mke wangu na watoto wawili, SGR ya alfajiri mpaka Dodoma, halafu bajaji, halafu Costa imejaa mpaka mlangoni, yote hiyo sababu ya tangazo lililokuwa linazunguka wasap kwamba kuna tamasha la mavuno ya zabibu kwenye kamji fulani nje ya Dodoma. Tangazo linasema kutembelea mashamba, watoto watachuma zabibu kwa mikono yao, kuonja waini za wakulima. Mimi nimezaliwa Mvumi, babu mzaa mama alikuwa na heka moja ya zabibu, nimekua nikifunga matawi kwenye waya na kubeba ndoo kichwani, lakini watoto wangu zabibu wanayoijua ni ya supamaketi. Nilitaka waione ikiwa mtini. Hilo tu.

Getini mkubwa elfu kumi, mtoto elfu tano. Nikalipa elfu thelathini bila kubisha.

Ndani sasa. Spika zinapiga mpaka kifua kinatetemeka, mabanda ya simu, mabanda ya viwanja, mabanda ya mikopo, chipsi, midoli ya kichina. Zabibu ziko meza MOJA. Nikasogea kwa furaha nikakuta zimepangwa kwenye vile vipakiti vya plastiki, nyekundu kubwa zisizo na mbegu, nikageuza kipakiti nikasoma stika, Afrika Kusini. Afrika Kusini wakuu! Mwezi wa tatu, Dodoma, msimu wenyewe wa mavuno, mashamba yamejaa toka Hombolo mpaka Mpunguzi, na nyie mnaniuzia zabibu iliyosafiri kuliko mimi. Juisi ya zabibu niliyomnunulia binti yangu ilikuwa ya unga, nimemwona kijana akiikoroga kwenye ndoo. Waini ya kuonja elfu tatu kwa kikombe cha plastiki cha kahawa. Shamba nikaambiwa gari la kutupeleka linamsubiri mgeni rasmi, mgeni rasmi kafika saa tisa, zikaanza hotuba, shamba hatujaliona mpaka tunaondoka na mtoto wangu mdogo analia.

Kilichoniuma zaidi nilikikuta natoka. Pembeni ya geti, kwenye tope maana asubuhi ilinyesha, kuna akina mama kama saba wamekaa na ndoo za lita ishirini. Nikamsalimia mmoja bibi mtu mzima, mbukwenyi bibi, akacheka kusikia Kigogo. Akafunua majani ya mzabibu aliyofunikia ndoo, na hapo ndio nikaiona zabibu niliyoifuata, ile nyeusi ndogo ndogo yenyewe ya Makutupora, vishada vimebana, bado ina ule unga unga mweupe juu ya ganda ambao ukigusa unabaki na alama ya kidole, nyuki wanazunguka. Kilo buku moja. Nikamuuliza bibi mbona uko huku nje, akasema, "Mjukuu wangu, wanataka laki na nusu ya banda. Hizi ndoo zangu nne zikiisha zote hazifiki hata nusu yake." Walijaribu kuingia na ndoo kichwani mgambo wakawarudisha, wanachafua mandhari!

Kwa msiojua zao hili, zabibu haiivi ikishakatwa. Sio ndizi wala embe kwamba utavundika. Unapogoa, unasubiri miezi kama minne, unapiga dawa ya ukungu kwa hela ya kukopa, ikiiva ndio imeiva una siku chache tu, na mvua ikiikuta hapo inapasuka inaoza kwenye waya huku unaangalia. Viwanda navyo mavuno yakiwa mengi vinajaa, mkulima anabaki anakamua mwenyewe auze mchuzi, yaani juisi ya zabibu aliyokamua, kwa bei ya kutupa. Halafu siku ambayo watu wametoka mpaka Dar na hela mfukoni, wanaitafuta zabibu, huyo huyo mkulima mnamzuia getini? Kwa tamasha la jina la zao lake??

Waandaaji kama mmo humu, elfu thelathini yangu naidai, na sio sababu ya kukosa burudani, ni sababu mmeniandikia kitu kwenye tangazo na hakikuwepo. Mwakani mabanda ya mbele wapeni wakulima bure, hayo ya simu na viwanja ndio yalipe. Na hiyo safari ya shamba iondoke saa mbili asubuhi, mgeni rasmi atawakuta huko huko.

Nilichukua kilo sita kwa bibi, watoto wakakaa palepale kwenye ndoo iliyogeuzwa wanakula wanatema mbegu chini, na bibi anamfundisha binti yangu kukata kishada kwa kushika kikonyo bila kufuta ule unga. Dakika kumi hizo ndio tamasha langu lote.

Mliokuwepo Jumamosi naomba mseme na nyie mlichokiona. Na kama kuna mtu wa maeneo hayo, wale akina mama waliuza wakamaliza? Maana tumepanda Costa wingu limeshafunga na ndoo mbili za bibi bado zimejaa.