Re: Binti wa miaka 10 anataka kupika chakula cha usiku

Mama wa watatu, Birmingham:

Assalaam aleikum ndugu zangu. Tangu shule zifungwe, binti yangu ananisumbua nimpe siku moja kila wiki apange na apike chakula cha usiku mwenyewe. Narudi kazini saa kumi na mbili nimechoka. Naogopa moto, naogopa kisu, na nisiwafiche, naogopa pia hali nitakayoikuta jikoni. Wenzangu mmefanyaje?

Mama wa kijana wa miaka 11, Leicester, kwa sasa likizoni Lamu:

Wa aleikum salaam dada. Mpe siku yake, na mpe pesa pia aende dukani mwenyewe.

Wangu alianza mwaka jana, kila Jumatano. Kule England mapishi ni somo la lazima hadi miaka 14 tangu mwaka 2014, kwa hiyo huenda binti yako anajua zaidi ya unavyodhani. Mwambie akuonyeshe "daraja" na "kucha", ndivyo wengi wanavyofundishwa kukunja vidole wasijikate. Kule Leicester, wangu alikuwa akipanga kwa kufungua friji: kuku yupo, tambi zipo, basi. Mwezi huu tuko kwa mamangu Langoni, na friji ya mamangu ina maji na ndimu tu. Hapo ndipo nilipoona kwamba kupika anajua, kupanga bado.

Mara ya kwanza aliandika usiku wake: kolekole wa kupaka, wali wa nazi, kachumbari. Tuko watu saba, nikampa shilingi 1,500. Akatoka na binamu yake saa nne asubuhi kwenda soko la kando ya Ngome. Saa nne! Na ni Agosti, kusi inavuma, wenye vyombo vidogo hawathubutu kwenda mbali. Kolekole hakuna, waliobaki ni changu wachache na bei yao imepanda. Binamu anasema alisimama na karatasi yake mkononi mpaka punda akamsukuma apishe njia.

Akarudi na mbaazi kavu, nazi mbili na unga wa mahamri. Kakangu akacheka: "Hicho si chakula cha asubuhi?" Nikamkanyaga mguu.

Mbaazi hakuziroweka. Akaenda kucheza mpira hadi baada ya alasiri, akaziteleka magharibi, halafu akashangaa mbona ngumu. Mamangu aliliona hilo tangu mchana akanyamaza, na nakwambia, huko kunyamaza ni kazi kuliko kupika. Tui nalo akaliacha lichemke bila kulikoroga, likakatika. Tulikula saa nne kasoro usiku, watoto wadogo wamelala. Tukala zote. Kesho yake, kabla hata ya chai, nikamkuta anaroweka kunde, na hakuna aliyemwambia.

Kuhusu kisu usihofu sana. Mamangu hukatia kitunguu kiganjani, mjukuu anadai kibao cha kukatia, wakabishana mpaka tukapata kipande cha mbao. Nilichosimama karibu nacho ni mbuzi. Yale meno hayana mchezo, na mtoto wa Leicester hajawahi kukalia mbuzi akakuna nazi. Seredani pia: kuwasha makaa afanye mtu mzima, kupepea afanye yeye. Wewe una jiko la umeme, mwekee sharti moja tu, asiteleke mafuta mengi ukiwa haupo.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa kiporo. Mamangu hufunika wali jikoni, asubuhi unaliwa na chai. Mjukuu akasema shuleni wameambiwa wali upoe ndani ya saa moja uingie friji, usipite siku moja, na upashwe moto mara moja tu, kwa sababu kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemka. Bibi akamjibu kwamba kala kiporo miaka sabini. Hapo nilimuunga mkono mtoto, kwa upole. Sasa maji na ndimu vimesogezwa, wali una pembe yake kwenye friji.

Kakangu hakukosa la kusema kuhusu mtoto wa kiume jikoni. Mamangu akamuuliza biriani ya harusi yake ilipikwa na nani, na kwenye jahazi nani huwapikia mabaharia. Akanyamaza akaomba aongezwe mchuzi. Siku hizi jioni ikifika bibi mwenyewe huita: "Ndoo, mwanangu, yeo wewe ndiye mpishi," yaani njoo, leo ni wewe.

Baba wa mmoja, Toronto:

Nauliza tu. Wangu kila wiki ni piza. Wiki ya sita sasa. Nimkataze?

Mama wa kijana, Lamu:

Usimkataze, kaka. Sisi tulikula tambi Jumatano tano mfululizo. Mpunguzie pesa kidogo uone atafanya nini. Wangu alipokosa ya jibini ndipo alipogundua viazi. Na usiku kwenu ndio mlo mkubwa, mnakutana wote mezani. Huku wali ni wa mchana, kwa hiyo sisi usiku hata mkate wa mofa na mchuzi uliobaki unatosha. Wewe ukimwambia mtoto "kitu chepesi tu" huenda mkalala na njaa.

Mama wa watatu, Birmingham:

Ahsanteni. Ni Alhamisi, basi. Ameshaniandikia: wali wa nazi ya kopo, kuku wa kupaka, kachumbari bila pilipili kwa ajili ya mdogo wake. Nimempa pauni 15. Amerudi na chenji na kifurushi cha biskuti ambacho hakimo kwenye orodha, nami nimejifanya sijakiona.