Naomba ushauri: narudi kwenye roketi za mfano ukubwani

Habari zenu wakuu. Niko Ohio, huku Marekani. Nilirusha roketi ndogo nikiwa mwanafunzi, kisha kazi na malezi vikachukua nafasi. Sasa binti yangu anauliza maswali ya anga kila jioni, na hamu imenirudia.

Nina pakiti ya injini za baruti za C6-5, za kampuni ya Estes, iliyokaa gereji miaka mingi, kiangazi na baridi kali. Najua baruti iliyoshindiliwa ikipanuka na kusinyaa mara kwa mara yaweza kupata nyufa, moto ukaingia humo na injini ikalipuka badala ya kusukuma. Kuna aliyethubutu kuzitumia za umri huo, au niziloweke tu kwenye maji na kuzitupa?

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni uwanja. Kila herufi inayofuata kwenye jina la injini huongeza kikomo cha nguvu maradufu: B huishia Newton-sekunde 5, C 10, D 20. Eneo letu halizidi kiwanja cha mpira, na upepo wa huku hauna adabu. Nikibaki na A na B, mtoto atachoka haraka? Au nitumie C lakini nivue parachuti na kufunga utepe, ili ishuke upesi isiishie juu ya paa la jirani?

Injini za H, zinazodai cheti, siziwazii kabisa. Mama watoto ameshaona bei.

Halafu mapezi ya balsa (mbao nyepesi): gundi ya mbao bado inatosha, au mmehamia epoksi?