Tupeane uzoefu: mtoto mwenye akili kupita rika lake

Mama Langoni (Lamu)
Nduzangu, asalamu alaykum. Kijana wangu ana miaka 8. Alinichorea vistari vya makaa ukuta mzima wa uani, nikamchapa. Babu yake, nahodha wa zamani, akavitazama weee, mwisho akasema: "Huyu anaandika maji." Kumbe kila siku alikuwa akitia alama saa ambayo mashua hukaa juu ya tope, na ameshajua mwenyewe kwamba maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Ripoti ya shule: "msumbufu, hamalizi kazi". Hesabu anamaliza, kunakili ubaoni ndiko hataki. Majirani wengine wanasema akasomewe, wengine nisimtaje mbele za watu, jicho hilo. Na akifungwa bao analia kama wa miaka 4. Nani amepitia haya?

Fundi Boti (Malindi)
Dada, mtoto huyo ni mimi, ila nina miaka 41. Darasa la nne nilikaa miaka miwili; b na d zilikuwa zinanigeukia. Kiitaliano nilikishika ufukweni msimu mmoja, kwa masikio tu. Injini ikipiga naisikia, najua ni plagi au ni mafuta hayafiki. Niliitwa mvivu nami nikaamini. Binti yangu alipopimwa ndipo nikalisikia neno disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika usiotokana na uvivu wala ujinga. Kumbe mtu aweza kuwa na kichwa kikali na bado kusoma kumtese. Kimoja kinakificha kingine, mwalimu haoni hata kimoja.

Kete Moja
Kila mzazi siku hizi mwanawe ni jiniasi. Mpe kazi za nyumbani, atatulia.

Mama Langoni
Kaka, kazi anazo. Jana nilimtuma sukari, akarudi na bei za maduka manne. Sukari hakuna.

Mwalimu Mstaafu
Miaka 31 nimeshika chaki, na nakiri watoto kama hawa niliwanyamazisha kwa "akili nyingi huondoa maarifa". Kwenye vipimo vya akili wastani ni 100. Wanaofika 130 na kuendelea ni kama watu 2 katika 100, basi darasa la watoto 50 huenda analo mmoja. Lakini vipimo msiviabudu. Marekani, mwanasaikolojia Lewis Terman alianza mwaka 1921 kuwafuatilia watoto wenye alama za juu. William Shockley na Luis Alvarez walipimwa utotoni, alama hazikutosha, wakaachwa, na wote wawili ukubwani wakapata Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Kwetu Kenya watoto wenye vipaji wamewekwa kwenye elimu ya mahitaji maalum, kwa hivyo mama, anzia kituo cha tathmini ya elimu (EARC). Kurushwa madarasa usikukimbilie: kichwa chaweza kuwa cha miaka 12, moyo bado ni wa 8, ndiyo maana ya kile kilio cha bao. Mwombe mwalimu wake jambo dogo tu. Akiziweza hesabu 5 ngumu za mwisho, zile 20 za mwanzo asilazimishwe.

Binti Mkomani
Mimi nilikuwa nakosea makusudi. Shangazi alisema mwanamke mjuzi haolewi, basi kila mtihani naharibu maswali mawili, nimeyachagua kabisa, nishike nafasi ya nne. Sasa nina 29, nafanya hesabu za duka la shemeji, na nikilipata jibu bado nasubiri mwanamume alitaje kwanza. Mnatafuta wavulana wanaosumbua. Aliyenyamaza nyuma ya darasa je?

Mama Langoni
Binti, umenichoma. Nina na msichana wa miaka 6, mpole mno. Nitamtazama upya.

Habari ya kijana: babu amempa majina, bamvua (maji yakijaa na kupwa sana) na maji mafu (yakijaa na kupwa kidogo), na sasa wanayahesabu pamoja kwa tarehe za mwezi mwandamo. Mwalimu amekubali zile hesabu 5, kwa wiki mbili za majaribio. Ukuta nimeupaka chokaa, nikamnunulia daftari. Leo asubuhi nimekuta vistari viwili vipya nyuma ya mlango.

Fundi, huna injini mbovu ya kufunguliwa? Nauli ya Malindi nitaitafuta.