Naomba ushauri: kijana amenogewa na lori la jeshi

Wakuu, habari za jioni. Tunaishi Ohio, kijana wangu ana miaka 17. Juzi lori la maonyesho la Jeshi la Marekani lilikuja shuleni kwao: ndani mitambo ya kuigiza urubani wa helikopta, nje mashindano ya kujivuta kwenye bomba, na fulana kwa mshindi. Ila kwanza ujaze jina na simu. Sasa afisa uandikishaji anampigia kila jioni, mpole kama mchumba mpya.

Najua chini ya miaka 18 lazima wazazi tusaini. Mama yake hataki hata kusikia. Mimi, kusema kweli, msaada wa jeshi wa ada ya chuo unanivuta. Waliopitisha watoto huko, ule mkataba wa miaka 8 ukoje hasa? Na fani aliyoahidiwa inaandikwa kabla hajala kiapo?