Viongozi wa chama mmetuuza: mashine moja, zamu moja, mishahara miwili

Wakuu, nimekaa na hili wiki nzima nikijiambia nipoe kwanza ndipo niandike. Sijapoa.

Chama chetu cha wafanyakazi kimesaini na mwajiri mkataba mpya wa hali bora, yaani wa mishahara na masharti ya kazi. Sisi wa zamani tumeongezwa mshahara. Walioajiriwa kuanzia mwaka jana wametengewa ngazi yao ya chini ya mshahara, na hakuna kifungu kinachosema watatufikia lini. Mimi ni mmoja wa walioongezwa, kwa hiyo asije mtu hapa kuniambia nina wivu.

Mkutano wa kutusomea mkataba haukufika hata nusu saa. Katibu wa tawi alisoma asilimia ya nyongeza, watu wakapiga makofi. Nikaomba nakala, akasema zitatoka. Kumbe mkataba ulishasainiwa siku tatu kabla! Kura hatukupiga. Tulipiga makofi.

Habari ya ngazi tumeijua siku ya mshahara. Kijana ninayesimama naye mashine moja alinijia na karatasi yake ya malipo, tukaziweka pamoja juu ya boksi la vipuri. Ada ya chama, asilimia ileile. Mshahara wa msingi, wake haufiki hata theluthi mbili ya wangu. Akaniuliza, "Kaka, wanaonikata hii ada ndio haohao walionipangia huu mshahara?" Nilimrudishia karatasi yake nikawasha mashine.

Utetezi wao nimeusikia: mwajiri alitishia kupunguza watu, na nusu shari ni afadhali kuliko shari kamili. Sawa. Hesabu zake mliziona? Mlidai vitabu? Mimi si wa kudai nyongeza hata kampuni ikifa. Hali ikiwa mbaya kweli, tusimamishe nyongeza kwa wote, tubane mkanda wote, na iandikwe tarehe ya kurudi mezani. Lakini kuchukua cha wasiokuwepo mezani mkatugawia sisi ili tunyamaze, hayo si majadiliano.

Na wala si jambo geni. Kule Marekani, mwaka 2007, chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kilikubali ngazi mbili viwanda vikiwa taabani. Wapya wengi wakaanza na takriban nusu ya malipo ya wenzao. Ngazi nyingi za namna hiyo zilikuja kufutwa mwaka 2023, baada ya mgomo wa karibu wiki sita dhidi ya Ford, General Motors na Stellantis. Miaka 16 watu wanafanya kazi bega kwa bega huku wakitazamana vibaya!

Mwajiri hana haraka. Kila mzee akistaafu, nafasi yake inachukuliwa na wa ngazi ya chini. Na siku tukihitaji kugoma kwa ajili ya pensheni zetu sisi wazee, huyu kijana atatoka nje kwa ajili ya nani? Nguvu yetu mezani ni moja tu, mwajiri kujua kwamba tukitoka, tunatoka wote. Hiyo ndiyo mliyoiuza.

Sasa kuna wenzetu kwenye kundi la WhatsApp wanataka tugome kesho asubuhi. Hapana, jamani. Wachimba makaa ya mawe wa Uingereza waligoma mwaka 1984 bila kura ya taifa zima, wengi wa jimbo la Nottinghamshire wakaendelea kuingia mgodini, na baada ya karibu mwaka mzima wa dhiki wakarudi kazini Machi 1985 bila makubaliano yoyote. Viongozi wametupitia juu bila kura, na sisi tukawapitie wenzetu bila kura?

Ninachotaka ni nakala ya mkataba mkononi mwa kila mwanachama, mkutano maalumu, na kura ya siri ambayo wa ngazi ya chini nao wanapiga. Katiba ya chama inaruhusu mkutano huo ukiombwa kwa sahihi za wanachama. Mpaka jana usiku nilikuwa nazo 63, na 20 kati ya hizo ni za wazee wenzangu walioongezwa. Jumatatu nazipeleka ofisi ya tawi, na safari hii siondoki bila muhuri wa kupokelewa.